Umekidhi Vigezo, Ila Jina Lako Halikupelekwa: Jinsi Serikali ya Marekani Inavyoajiri

Ukiomba kazi katika serikali ya shirikisho ya Marekani, jibu utakalolipata mara nyingi ni barua pepe fupi isiyo na jina la mtu wa kumuuliza, ikisema unastahili nafasi uliyoiomba lakini jina lako halikupelekwa kwa mkuu anayeajiri. Huja miezi miwili baada ya kuomba, wakati mwingine mitano, na zipo zinazomkuta mtu ameshasahau kama aliwahi kuomba. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya walioko huko, tafsiri yake huwa moja: "Walikuwa na mtu wao."

Inawezekana kweli walikuwa naye. Ila mara nyingi kilichotokea ni cha kawaida zaidi, na kinaudhi zaidi: hakuna anayeijua kazi hiyo aliyesoma maombi yako. Yalisomwa na ofisa utumishi mwenye orodha ya vigezo mkononi na mamia ya maombi mengine yakimsubiri, akakuta kitu kimepungua. Au alikuta kila kitu kipo, ila kuna wenye haki ya kukutangulia. Mfumo umejengwa hivyo makusudi, na karibu kila kipande chake kiliwekwa kwa sababu nzuri. Shida inaanza vipande hivyo vinapokutana, kwa sababu vyote kwa pamoja humchuja mtu kwa ujuzi wa kujaza fomu kabla ya kumchuja kwa ujuzi wa kazi.

Mwajiri si mmoja

Serikali hiyo ina watumishi wa kiraia takriban milioni 2, ukiacha wanajeshi na watu wa posta. Zaidi ya asilimia 80 yao hawako Washington wala viunga vyake. Wako kwenye hospitali za wanajeshi wa zamani, viwanja vya ndege, kambi za jeshi, hifadhi za taifa na ofisi za mafao za miji ya kawaida kabisa. Tovuti ya USAJOBS, ambako matangazo mengi hutokea, ni ubao tu. Kanuni hutungwa na Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi, inayojulikana kwa kifupi chake OPM, lakini kuajiri hufanywa na kila wizara au wakala kivyake. Ndiyo maana CV ileile, iliyotumwa kwenye nafasi mbili za cheo kimoja, inaweza kurudishiwa majibu mawili: huku unastahili, kule hustahili. Mtanzania aliyezoea Ajira Portal, ambako Sekretarieti ya Ajira ndiyo inayowaita watu kwenye usaili kwa niaba ya waajiri wengi, hili humchanganya sana.

Vyeo vingi vya ofisini vimepangwa kwenye madaraja ya GS, kuanzia GS-1 hadi GS-15, kila daraja likiwa na hatua 10 za mshahara. Shahada ya kwanza peke yake hukuingiza GS-5, au GS-7 ukiwa umefaulu vizuri. Uzamili hukufikisha GS-9, uzamivu GS-11. Zaidi ya hapo vyeti vya chuo haviongei tena. Unatakiwa uonyeshe mwaka mzima wa uzoefu wa kazi yenye uzito wa daraja lililo chini ya lile unaloliomba. Kigezo hicho cha mwaka mmoja kinaangusha watu wengi kuliko usaili wenyewe, na sababu zake tutaziona kwenye CV.

Risasi ya mwaka 1881

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kazi za serikali Marekani ziligawiwa kama nyara. Chama kikishinda uchaguzi, wa kwao wanaingia na waliokuwepo wanafungasha, kuanzia mawaziri hadi wasimamizi wa posta vijijini. Tarehe 2 Julai 1881 mtu aitwaye Charles Guiteau, aliyekuwa amejiaminisha kwamba yeye ndiye aliyemsaidia James Garfield kupata urais na hivyo alistahili kupewa ukonsuli wa Paris, alimpiga rais huyo risasi kwenye stesheni ya treni mjini Washington. Garfield alifariki Septemba. Aliyemrithi, Chester Arthur, alikuwa mwenyewe zao la siasa za kugawiana vyeo, lakini ni yeye aliyetia saini Sheria ya Pendleton mwezi Januari 1883. Mwanzoni sheria hiyo iligusa sehemu ndogo tu ya nafasi, kisha ikapanuliwa utawala baada ya utawala. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu aajiriwe kwa sifa, kwa ushindani wa wazi, wala si kwa kadi ya chama.

Tangu hapo kuna ukuta kati ya mkuu wa idara na mwombaji. Mkuu hawezi kukutana na wewe kwenye kongamano Ijumaa, akavutiwa, ukaanza kazi Jumatatu. Kwa kawaida lazima tangazo litoke, maombi yapokelewe, ofisa utumishi ayachambue, kisha ndipo mkuu apewe orodha ya majina. Asiyekuwemo kwenye orodha, kwa mkuu huyo ni kama hakuomba. Ukuta huo unazuia upendeleo, ndiyo, lakini pia unamzuia anayeijua kazi asiwe mchambuzi wa kwanza wa wanaoiomba. Ofisa utumishi anayechuja wahandisi wa maji leo, kesho anachuja wachunguzi wa kodi.

Basi kwa nini wasitunge mtihani, mwenye alama nyingi apate? Walikuwa nao. Mwaka 1974 ulianzishwa mtihani mmoja mkubwa wa kuingilia kazi za kitaaluma na utawala, ukiitwa kwa kifupi PACE. Mwaka 1979 serikali ikashtakiwa, katika kesi inayojulikana kama ya Luevano, kwa sababu waombaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa wakianguka kwa viwango vikubwa mno kuliko wazungu, na serikali haikuweza kuonyesha kwa uhakika kwamba mtihani huo ulikuwa unapima kazi yenyewe. Makubaliano yaliyofikiwa mahakamani mwaka 1981 yaliuondoa. Yalidumu hadi 2025, yalipofutwa.

Kitu kilichokuja kujaza pengo hilo, baada ya majaribio kadhaa, ni dodoso la kujipima. Na hapa ndipo adabu ya kwetu inapotuponza.

"Wenzangu huja kuniuliza mimi"

Dodoso huja pamoja na tangazo. Linataja jukumu moja moja, tuseme "kuandaa taarifa za matumizi ya bajeti", na chini yake kuna majibu matano. La kwanza husema, kwa maana yake, sina elimu wala uzoefu wa jambo hili. La pili, nimelisomea ila sijalifanya. La tatu, nimelifanya nikisimamiwa kwa karibu. La nne, nalifanya peke yangu kama sehemu ya kazi yangu ya kawaida. La tano, mimi ni mtaalamu wa hili. Nimewasimamia au kuwafundisha wengine, na wenzangu huja kuniuliza mimi.

Mtu aliyelelewa kujibu "najaribu tu, tunasaidiana na wenzangu" hata kama ndiye anayeibeba ofisi nzima, atachagua la tatu, au la nne akijitutumua. Mwenzake aliyekulia Ohio anachagua la tano kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Kwa miaka mingi kompyuta ilijumlisha tu alama hizo, na kundi la juu likajaa watu waliojiita wataalamu wa kila kitu. Wa la tatu ndio hao wanaoambiwa wanastahili lakini hawapelekwi. Sisemi udanganye, uongo kwenye maombi ya serikali kuu ni kosa la jinai, na ofisa utumishi anatakiwa aone kwenye CV yako ushahidi wa kila ulichojipa. Ninachosema ni kwamba kujishusha kwenye fomu ile hakuna anayekuhesabia kuwa ni adabu. Anakuhesabia hujui.

Serikali yenyewe inajua ubovu huu. Kuanzia 2019 yalifanyika majaribio ya kuwaleta wataalamu wa fani husika wawahoji waombaji mapema, kabla orodha haijafika kwa mkuu, na Desemba 2024 ilitiwa saini sheria inayozitaka ofisi ziache kulitegemea dodoso la kujipima pekee. Mabadiliko ya aina hii huchukua miaka, kwa hiyo kwenye matangazo mengi bado utalikuta.

Kisha CV. Kwa waajiri wa nje ya serikali, CV nzuri ni fupi na ya kuvutia. Ya serikali kuu inasomwa kama ushahidi. Kila kazi lazima iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na wa kuacha, na saa ulizofanya kwa wiki. Ukiandika "2019 hadi 2020" bila miezi, ofisa hawezi kukuhesabia mwaka mmoja, maana huenda ulianza Desemba ukaacha Januari. Ukikosa kuandika "saa 40 kwa wiki", hajui kama ulikuwa mwajiriwa kamili au kibarua wa Jumamosi. Haruhusiwi kukukisia, wala hakupigii simu kukuuliza. Anaweka alama kwamba taarifa hazitoshi, anaendelea na mwingine. Vilevile haruhusiwi kudhani kwamba kwa kuwa ulikuwa mhasibu basi ulifunga hesabu za mwezi. Kama tangazo linataka "usuluhishi wa hesabu za benki", maneno hayo yaonekane kwenye CV, chini ya kazi uliyoyafanyia.

Hadi 2025 watu walikuwa wakituma CV za kurasa 5, 6, hata 8, kwa sababu hiyohiyo. Mwezi Mei 2025 OPM ilitangaza mpango mpya wa ajira, na moja ya masharti yake ni kwamba CV isizidi kurasa 2. Yaani ushahidi uleule unaotakiwa, ukae kwenye kurasa mbili. Mimi nadhani hili litawasumbua zaidi watu wazima wenye kazi nyingi nyuma yao. Njia pekee niionayo ni kuacha kabisa CV ya jumla na kuandika upya kwa kila tangazo, ukifuta kila ambacho tangazo hilo halikukiuliza.

Jambo moja dogo ambalo limewapotezea watu nafasi: tangazo hufungwa saa tano na dakika 59 usiku, kwa saa za mashariki mwa Marekani. Aliyeko Seattle saa yake itakuwa bado mbili na dakika 59. Na yapo matangazo yanayofungwa mara tu idadi fulani ya maombi inapotimia, mengine siku hiyohiyo yalipotoka. Soma sehemu hiyo kwanza.

Wanaotangulia

Juu kabisa ya kila tangazo kuna sehemu inayosema nafasi iko wazi kwa nani, ikiwa na alama ndogo za picha. Watu huiruka, wakati ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kuendelea kusoma. Nafasi nyingi si za umma wote. Nyingine ni za watumishi waliomo tayari, nyingine za wenza wa wanajeshi, nyingine za watu wenye ulemavu kupitia utaratibu wao maalumu. Ukiomba nafasi isiyo yako utaondolewa, hata ungekuwa bora kuliko wote.

Hata kwenye nafasi za umma wote, wanajeshi wa zamani wanatangulia. Sheria ya mwaka 1944, iliyopitishwa vita kuu ikiendelea, iliwapa nyongeza ya pointi 5 au 10. Kwa miaka ya karibuni ofisi nyingi zimekuwa zikipanga waombaji kwenye makundi ya ubora badala ya kuwapa alama, na humo mwanajeshi wa zamani hukaa mbele ya raia wa kundi lake. Mkuu akitaka kumruka amchukue raia, lazima aombe kibali na atoe sababu. Aliyepata ulemavu jeshini wa asilimia 10 au zaidi hupandishwa hadi kundi la juu kabisa akiwa amekidhi sifa za chini za kazi, isipokuwa kwenye kazi za kisayansi na kitaaluma za GS-9 kwenda juu. Takriban watumishi 3 kati ya 10 wa serikali hiyo ni wanajeshi wa zamani. Hakuna ubaya hapo, mtu ameitumikia nchi yake. Ila raia wa kawaida ajue kwamba "bora kabisa" kwenye orodha hiyo kuna namna mbili za kuifikia.

Kuna kundi dogo lenye uhusiano na kwetu. Wamarekani waliojitolea kupitia Peace Corps, wale vijana waliokuwa wakifundisha sayansi kwenye sekondari za Njombe na Lushoto, wakimaliza muda wao hupewa haki ya kuajiriwa bila kushindanishwa kwa kipindi fulani. Mkuu akimpenda anaweza kumchukua moja kwa moja. Kijana aliyefundisha fizikia Njombe miaka miwili na akarudi kwao ana njia ambayo mwanafunzi wake aliyehamia Marekani hana.

Uraia, na pale usipoulizwa

Kwa nafasi za kawaida za ushindani, lazima uwe raia wa Marekani. Sharti hili lilitiwa nguvu na amri ya Rais Gerald Ford ya mwaka 1976. Grinikadi haitoshi. Mwenye grinikadi husubiri miaka 5 ndipo aombe uraia, au 3 akiwa ameolewa au ameoa raia, na kipindi chote hicho milango mingi ya USAJOBS imefungwa.

Lakini si yote, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Shirika la posta, USPS, huajiri wenye grinikadi. Lina tovuti yake ya ajira na mitihani yake ya mtandaoni, na barua za Texas na Minnesota tayari zinasambazwa na Wakenya na Wakongo wengi tu. Jeshi nalo huandikisha wenye grinikadi. Hospitali za wanajeshi wa zamani, zilizo chini ya VA, zinaruhusiwa kuajiri madaktari na wauguzi wasio raia pale wanapokosekana raia wenye sifa. Muuguzi aliyepita mtihani wa NCLEX na kupata leseni ya jimbo asiiache VA kwa kudhani tu kwamba watamkataa.

Ilikuwepo pia Sauti ya Amerika. Idhaa yake ya Kiswahili ilikuwa moja ya sehemu chache za serikali hiyo ambako Kiswahili chenyewe ndicho kilikuwa sifa ya kazi, na sheria iliiruhusu kuajiri wageni kwa ajili ya lugha wasipopatikana raia wanaofaa. Machi 2025 wafanyakazi wake karibu wote walipewa likizo ya lazima, na matangazo yake ya hewani yakakatika.

Na kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi: balozi za Marekani huajiri wenyeji, madereva, wahasibu, wataalamu wa afya, kwa viwango vya mshahara vya nchi husika. Matangazo hayo hutoka kwenye mfumo wa ajira wa balozi wala si USAJOBS, na uraia wa Marekani si sharti.

Shahada ya Mzumbe mbele ya ofisa wa Kansas

Cheti cha nje ya Marekani hakihesabiwi mpaka kitathminiwe na taasisi binafsi inayotambulika, kwa kawaida mwanachama wa umoja unaoitwa NACES. Gharama ni yako. Kosa la kawaida ni kuagiza tathmini ya bei nafuu, ile inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Marekani. Kwa kazi nyingi haitoshi.

Chukua uhasibu. Tangazo la mhasibu wa serikali kuu, kazi yenye namba 0510, hutaka shahada ya uhasibu, au shahada ya fani inayokaribiana ikiwa na saa 24 za muhula (kipimo cha Marekani cha uzito wa masomo) za uhasibu. Vyuo vyetu kwa miaka mingi havikuandika saa za muhula kama za Marekani. Viliandika somo, alama, basi. Ofisa wa Kansas anaona "Auditing II, B+" na hana la kuhesabu. Tathmini ya somo kwa somo ndiyo inayompa hesabu hiyo, na ni ghali kidogo zaidi, lakini bila hiyo mwenye shahada ya biashara na uhasibu kutoka chuo chochote cha kwetu anaonekana kama mtu aliyesoma biashara tu.

Wazee wetu wenye Stashahada ya Juu ya Uhasibu, zile za IFM au za IDM Mzumbe kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2001, wana kazi ngumu zaidi. Tanzania iliziheshimu sawa na shahada. Mtathmini wa Marekani hana wajibu wa kuziona hivyo, na neno "diploma" kwake lina uzito mwingine. Ni heri kumwandikia kwanza ukauliza, ukaambatanisha barua ya chuo, kabla hujalipa.

Karatasi ya usajili wa jeshi

Hii huwashtua wakimbizi. Kwa miaka kadhaa Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, wengi wao vijana waliokulia kwenye makambi kama Nyarugusu, Kigoma. Kijana wa kiume akifika akiwa na miaka 18 hadi 25, sheria inamtaka ajisajili kwenye orodha ya watu wanaoweza kuitwa jeshini, awe raia, mkimbizi au mwenye grinikadi. Anaishi mpaka anafikisha miaka 26 bila mtu kumkumbusha, na baada ya hapo usajili haupokelewi tena. Miaka 10 baadaye, sasa ni raia, anaomba kazi ya serikali kuu na kukutana na swali hilo kwenye fomu OF-306.

Asiyejisajili kwa makusudi haruhusiwi kuajiriwa. Aliyeshindwa kwa kutojua anaweza kujieleza, kwa maandishi na ushahidi: alifika lini, aliishi wapi, alikuwa anajua Kiingereza kiasi gani. Aliyefika akiwa ameshavuka miaka 26 hahusiki kabisa, ila atahitaji kuonyesha tarehe aliyoingia. Wazazi wenye vijana wa umri huo nyumbani wanaweza kulimaliza leo.

Upekuzi

Tuseme umepita. Umefanyiwa usaili, umepewa barua ya ahadi ya ajira. Hiyo bado si ajira. Inafuata fomu ya upekuzi, na ukubwa wake unategemea unyeti wa nafasi: kuna SF-85 kwa kazi za kawaida na SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100, kwa zinazogusa usalama wa taifa.

SF-86 inataka kila mahali ulipoishi kwa miaka 10 bila pengo hata la mwezi, na kwa makazi ya miaka 3 ya karibuni, mtu anayeweza kuthibitisha. Mtu aliyepanga Manzese nyumba isiyo na namba, nyuma ya msikiti, halafu mwenye nyumba akafariki, ana kazi ya kufanya. Inauliza safari za nje, na ndugu na jamaa wasio raia unaowasiliana nao mara kwa mara, mmoja mmoja. Familia ya Kiswahili ikianza kuorodheshwa hapo, kurasa hazitoshi.

Sehemu ya mali na fedha za nje ndiyo inayohitaji utulivu. Inauliza kama umewahi kumiliki ardhi au nyumba nje ya nchi, na kile kiwanja cha Kigamboni ulichonunua kwa hati ya serikali ya mtaa kimo. Inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Hela unayomtumia mama Mwanza kila mwezi ni jibu la ndiyo. Watu huogopa hapo, wakaandika hapana. Wapelelezi hawashangazwi na mtoto anayemtunza mama yake. Wanachopima ni kama kuna mtu anayeweza kukubana kupitia ndugu au mali zako, na kama wewe ni mkweli. Kiwanja kilichotajwa huelezeka. Kilichofichwa kikijulikana, tatizo limehama kutoka kwenye ardhi limeingia kwenye uaminifu wako. Madeni yaliyotelekezwa na bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, huangusha watu wengi bila hata kufika kwenye suala la ndugu wa nje.

Usiache kazi uliyonayo kwa barua ya ahadi. Subiri ile ya mwisho, yenye tarehe ya kuripoti. OPM iliweka lengo la siku 80 tangu ofisi iombe mtu wa kujaza nafasi hadi mtu huyo aanze kazi, na wastani wa kabla ya 2025 ulikuwa karibu siku 100. Penye upekuzi mzito huvuka huko kirahisi. Si ajabu kwamba vijana wa chini ya miaka 30 hawafiki hata asilimia 10 ya watumishi hao. Kijana mwenye kodi ya nyumba hasubiri miezi minne.

Baada ya Januari 2025

Yote hayo yalikuwepo kabla. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha ajira mpya za kiraia, na zuio hilo likaongezwa mara mbili ndani ya mwaka. Februari ikaja amri kwamba, isipokuwa kwenye maeneo kama usalama na uhamiaji, ofisi iajiri mtu mmoja kwa kila wanne wanaoondoka. USAID ilifungwa kama wakala Julai. Kuanzia tarehe 1 Oktoba serikali ikafungwa siku 43 kwa kukosa bajeti. Wakati huohuo idara ya kukamata wahamiaji ilipewa fedha za kuajiri maofisa wapya 10,000. Kazi zilikuwepo, zilihamia kwingine.

Soko nalo likajaa: maelfu walioachishwa, wenye CV za kiserikali zilizonyooka na uzoefu wa daraja husika, sasa wanaomba nafasi zilezile unazoomba wewe. Mpango wa Mei 2025 uliongeza pia maswali manne ya insha fupi, moja likimuuliza mwombaji atasaidiaje kutekeleza amri na vipaumbele vya rais. Vyama vya wafanyakazi vililipinga, vikisema linarudisha kipimo cha siasa kilichozikwa mwaka 1883. OPM ilifafanua kwamba asiyelijibu asiondolewe kwa sababu hiyo. Mwombaji pia anathibitisha kwamba majibu ni yake, hayakuandikwa na akili bandia.

Mwisho ni mwaka wa matazamio, ambao kwa nafasi za ushindani huwa mmoja. Zamani ukiisha bila mtu kukuandikia barua ya kukuondoa, umethibitika. Februari 2025 maelfu ya walio kwenye matazamio waliondolewa kwa mkupuo, baadhi wakarudishwa na mahakama, wengine hawakurudi. Aprili ikatoka amri inayogeuza utaratibu: ofisi lazima ithibitishe kwa maandishi, kabla mwaka haujaisha, kwamba kubaki kwako kuna manufaa kwa umma. Wasipoandika, ajira inakoma yenyewe. Kwa hiyo anayeanza kazi leo amuulize msimamizi wake wiki ya kwanza ni nani atakayeiandika barua hiyo na kwa tarehe gani, kisha aiweke tarehe hiyo kwenye simu yake.